Neno la Mhariri: Mshipa Hauponi kwa Seli Shina Peke Yake

Kuna watoto wanaozaliwa na moyo wenye chumba kimoja tu kinachofaa kusukuma damu, mahali palipotakiwa viwili. Ili waishi, madaktari hulazimika kubadili njia ya damu: vena kuu inayorudisha damu kutoka sehemu ya chini ya mwili huunganishwa na ateri ya mapafu kwa mrija, bila kupitia moyoni. Mrija wa plastiki hufanya kazi hiyo vizuri, lakini haukui. Mtoto anarefuka, mrija unabaki vilevile, na huenda siku moja ikabidi kifua kifunguliwe upya. Toshiharu Shin'oka na wenzake wa Tokyo walitafuta njia nyingine. Mwaka 1999 walimwekea mtoto wa miaka minne mshipa uliojengwa juu ya kiunzi kinachoyeyuka mwilini kidogo kidogo, kikiwa kimepandwa seli za mtoto mwenyewe. Kuanzia 2001 waliendelea na wagonjwa 25, wengi wao watoto, safari hii wakitumia seli zilizochotwa kwenye uboho wa mfupa wa mgonjwa. Walipofuatiliwa miaka iliyofuata, hakuna aliyefariki kwa sababu ya mrija wenyewe. Baadhi yao mrija ulibana, ikabidi upanuliwe kwa puto.

Kila aliyesoma habari hizo alidhani ameshaelewa kilichotokea. Uboho una seli shina. Seli shina zimewekwa pahala pake zikageuka mshipa. Maelezo hayo yalikuwa mepesi kushika, ila hayakuwa ya kweli. Christopher Breuer, daktari wa upasuaji wa watoto aliyekuwa Yale na baadaye akahamia Columbus, Ohio, aliamua pamoja na wenzake kuzifuata seli zenyewe. Walitengeneza mrija mwembamba mno, wakaupanda seli za uboho wa binadamu, wakauweka ndani ya panya ambaye kinga yake ni dhaifu kiasi cha kutozikataa seli za kigeni. Kwa kuwa seli zilikuwa za mtu na mwili ni wa panya, haikuwa vigumu kujua kipi kimeletwa na kipi kimezaliwa humo. Majibu waliyachapisha mwaka 2010. Ndani ya siku chache tu, seli za binadamu zilikuwa zimetoweka. Mshipa, hata hivyo, uliendelea kujijenga. Monositi za panya, zile seli nyeupe za damu ambazo zikiingia kwenye nyama ya mwili hugeuka makrofaji, zilimiminika kwenye kiunzi. Baada yake zikaja seli za misuli laini na seli za utando wa ndani, zote za panya. Kiunzi kilipokwisha kuyeyuka, kilichobaki kilikuwa mshipa ambao chini ya hadubini unafanana na ule wa kuzaliwa nao.

Basi seli zilizopandwa zilifanya nini kabla ya kupotea? Zilitoa protini iitwayo MCP-1, ambayo kazi yake ni kuziita monositi. Watafiti walipoweka protini hiyo peke yake kwenye kiunzi kisicho na seli hata moja, monositi ziliitika vilevile na mshipa ukajengeka. Katika kazi zilizofuata, maabara hiyohiyo ilitumia dawa inayoziua makrofaji. Mrija haukubana kabisa, jambo ambalo daktari yeyote angelifurahia, lakini mshipa mpya nao haukuota. Makrofaji zilipozidi kiasi, mshipa uliota ukapitiliza, njia ya damu ikafinyika. Na zile seli za ukuta mpya zilitoka wapi? Si kwenye uboho. Zilitambaa kutoka kwenye mshipa wa jirani, pale mrija uliposhonwa, zikaingia ndani.

Nimeanza na kisa hiki kirefu kwa sababu hoja ya toleo zima imo humo. Kwa zaidi ya miaka ishirini tumezungumza juu ya kupona kwa mishipa ya damu kana kwamba seli shina ndiyo yenye kutenda, na seli za kinga ni ama wapita njia ama wasumbufu wa kutulizwa kwa dawa. Ushahidi umegeuka. Seli ya kinga ndiyo inayoamua seli shina iitwe au isiitwe, igawanyike au itulie, igeuke kuwa ukuta wa mshipa au kuwa kovu, na lini kazi isimame. Anayetaka kutibu mshipa bila kujua makrofaji zinafanya nini mahali hapo anatibu kwa kubahatisha.

Tulifikaje kwenye kuipa seli shina sifa zote? Mwaka 1997 Takayuki Asahara, Jeffrey Isner na wenzao wa Boston waliripoti kwamba ndani ya damu inayozunguka kuna seli changa zinazoweza kuwa utando wa mishipa. Ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mtu mzima hajengi mishipa mipya kwa njia hiyo. Maabara duniani kote zikaanza kuzikusanya seli hizo, kuzihesabu na kuzidunga. Kisha wachunguzi waangalifu wakazitazama kwa karibu. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba nyingi ya seli zilizokuwa zikipewa jina hilo zilikuwa monositi na makrofaji zilizovaa alama za utando wa mishipa. Mwaka 2007 Mervin Yoder na kundi lake wa Indiana walitenganisha aina mbili: moja, adimu sana, kweli hujenga mshipa, nyingine, iliyojaa kwenye vyombo vya maabara, ni ya ukoo wa damu na haijengi ukuta wowote. Lakini hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikiwasaidia wanyama wa majaribio. Ilisaidia kwa kutoa protini zinazoziamsha seli nyingine. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wakidunga seli za kinga na kuziita seli shina, na wanyama walikuwa wakipata nafuu kweli.

Upande wa moyo mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 2018 Harvard na hospitali ya Brigham and Women's walitangaza kwamba makala 31 kutoka maabara moja maarufu ya seli shina za moyo zina data za uongo au zilizobadilishwa, na wakapendekeza ziondolewe majaridani. Hilo ni jeraha kwa sayansi, nami sitalipunguza. Ila jibu la maana zaidi lilikuja mwaka uliofuata, likatoka Cincinnati.

Jeffery Molkentin na wenzake waliwachukua panya, wakaifunga ateri ya moyo kwa muda kisha wakaiachia, ili sehemu ya msuli iumie kama inavyoumia kwa mtu aliyepata shambulio la moyo. Wiki moja baadaye waliwadunga moyoni, kandokando ya eneo lililoumia. Panya wengine walipata seli za uboho zilizo hai. Wengine walipata seli zilezile zikiwa zimeuawa kwa kugandishwa na kuyeyushwa. Wengine hawakupata seli yoyote. Walipata zaimosani, unga unaotokana na ukuta wa seli za hamira, hamira hii ya maandazi, ambao unajulikana kwa kuamsha kinga. Moyo ukapata nguvu kwa makundi yote matatu. Seli hai hazikuzipita zilizokufa, wala zilizokufa hazikuipita hamira. Watafiti walipoziua makrofaji, au walipoitiisha kinga kwa dawa ya siklosporini, faida yote ilipotea. Na walipolichunguza kovu lenyewe, waliona kwamba makrofaji zilizokusanyika pale zilikuwa zimeupanga upya mtandao wa nyuzi zake, likawa na uwezo mzuri zaidi wa kuvutika pamoja na moyo unaodunda.

Naomba msomaji asiipite aya hiyo haraka. Wagonjwa wengi walishadungwa seli za uboho moyoni, Ulaya na Marekani, katika majaribio ambayo matokeo yake yalipishana: hapa nafuu ndogo, pale hakuna kitu. Kama kilichokuwa kikifanya kazi ni kinga ya mgonjwa mwenyewe, kupishana huko kunaeleweka. Karibu hakuna aliyekuwa akiipima kinga hiyo. Walihesabu seli walizodunga, wakapima moyo baadaye, na kilichokuwa katikati kikaachwa gizani.

Makrofaji yenyewe inafanya kazi gani hasa? Ilya Metchnikoff aliiona sifa yake ya kwanza huko Messina, Sicily, mwaka 1882, alipochoma miiba kwenye lava wa kiti cha pweza na kukuta seli zimeuzingira mwiba. Kula uchafu na vijidudu ndiko kulikoipa jina, na kulimpa yeye Tuzo ya Nobel ya 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Lakini mwaka 1975 Leibovich na Ross walionyesha kwamba simbilisi walioondolewa makrofaji hawakuchelewa kusafisha kidonda tu. Walichelewa hata kukijenga. Tangu hapo orodha imerefuka. Makrofaji hutoa VEGF, protini inayouchochea utando wa mshipa uchipue. Hutoa PDGF, inayoziita seli za kuuvika mshipa mpya misuli. Mshipa unaochipua unapokutana na mwenzake, makrofaji hukaa kwenye maungano na kusaidia vichwa viwili vishikane, kama lilivyoonyesha kundi la Christiana Ruhrberg wa London mwaka 2010.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya maabara ya Lingfei Luo huko Chongqing, China, iliyochapishwa 2016. Walitumia samaki pundamilia, ambaye akiwa mchanga mwili wake unapenya mwanga na mishipa ya ubongo inaonekana akiwa hai. Kwa mwali wa leza walikata mshipa mmoja mdogo wa ubongo, wakakaa kutazama. Makrofaji moja ilifika. Ikanyoosha mkono mmoja ukashika ncha ya huku, ikanyoosha mwingine ukashika ncha ya kule. Kisha ikavuta. Ncha mbili zilizokuwa zimeachana zilisogezwa hadi zikagusana, zikaungana, damu ikapita tena, na makrofaji ikajiondokea. Hapo hapakuwa na seli shina iliyoletwa kutoka popote. Ilikuwa nguvu ya kimwili ya seli moja ya kinga, inayopimika.

Sasa, kama makrofaji ni muhimu hivyo, mtu ataharakisha kusema tuziongeze. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa maana jambo zito ni wakati, na wingi pekee hauleti uponyaji. Matthias Nahrendorf na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba moyo wa panya ulioumia hupokea monositi kwa zamu mbili. Siku za mwanzo zinakuja zile kali, zinazokula mabaki ya seli zilizokufa na kuwasha inflamesheni, hali ya eneo kuvimba, kuwa jekundu na kupata joto. Baada ya siku chache huja, au hugeuka, zile tulivu, zinazotengeneza mishipa na nyuzi za kovu. Zamu ya kwanza ikikosekana, mabaki hubaki na seli changa hazipati pa kusimama. Zamu ya kwanza ikikataa kuondoka, protini zake, kama TNF na IL-1, huendelea kuzidhuru seli zilizokuja kujenga.

Ugonjwa wa kisukari unaonyesha wazi zaidi jinsi zamu ya kwanza inavyogoma kuondoka. Katika kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari, makrofaji hubaki kwenye hali ya vita kwa wiki na miezi. Wakati huohuo sukari nyingi huuharibu uboho wenyewe, seli shina zikashindwa kutoka kwenda zinakohitajika. Makala moja ya toleo hili inahusu kidonda hicho, nami naiombea wasomaji wengi miongoni mwa wauguzi. Mpango wa Step by Step, ulioanza miaka ya mapema ya 2000 hapa Tanzania na India, uliwafundisha wahudumu kutunza mguu wa kisukari kwa vitu vya kawaida: kuondoa nyama iliyokufa, kuupunguzia mguu uzito wa mwili, kuzuia maambukizi, kumwelekeza mgonjwa kuchagua viatu. Tukiutazama kwa macho ya kinga, muuguzi anayekata nyama iliyokufa anaipunguzia zamu ya kwanza mzigo wake, ili ya pili ipate nafasi. Anafanya tiba ya makrofaji kwa kisu na jozi ya glovu, na anastahili kuheshimiwa hivyo.

Mazungumzo ya seli hizi ni ya pande mbili. Seli shina za mesenkaima, zinazopatikana kwenye uboho na mafuta ya mwili, zinapofika penye inflamesheni hutoa prostaglandini E2, ambayo huzigeuza makrofaji kutoka ukali kuelekea utulivu. Na uboho unasikia hata kilio cha mbali. Mwaka 2012 kundi la Boston lilionyesha kwa panya kwamba shambulio la moyo hutuma ishara kwa njia ya neva hadi kwenye uboho. Seli shina za damu zinatoka, zinakaa kwenye bandama, zinazaa monositi kwa wingi, na monositi hizo zinaishia kuongeza utando wa mafuta kwenye ateri nyingine. Huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mtu aliyepata shambulio moja kuwa karibu na la pili. Kinga inaita seli shina. Seli shina inazaa kinga. Mshipa mmoja ukipona, mwingine unaumia.

Je, tuizime basi? Jaribio la CANTOS, lililotangazwa 2017, liliwafuatilia watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao damu yao ilionyesha inflamesheni. Dawa ya kanakinumabu, inayozuia IL-1β, ilipunguza mashambulio mapya bila kugusa kolesteroli. Ulikuwa uthibitisho mzuri wa wazo. Lakini waliotumia dawa walikufa zaidi kwa maambukizi kuliko waliopewa dawa bandia. Katika nchi ambako kifua kikuu hakijaisha, gharama hiyo si tanbihi.

Subira nyakati nyingine huzidi dawa. Breuer alipoanza jaribio la mirija yake kwa watoto Marekani, kubana kulijitokeza mapema kwa baadhi yao, na jaribio likasimamishwa. Alishirikiana na Jay Humphrey wa Yale, mtaalamu wa mekanika ya mishipa, kutengeneza kielelezo cha hesabu cha namna inflamesheni inavyoujenga na kuupanga upya ukuta. Kielelezo kilitabiri kwamba kubana kwa awali kungejirekebisha kadiri kiunzi kinavyoyeyuka na inflamesheni kupoa. Walijaribu kwa kondoo, hawakutia puto, na mirija iliyokuwa imebana katika wiki za mwanzo ilifunguka yenyewe ndani ya miezi. Matokeo hayo yalichapishwa 2020. Daktari asiyejua ratiba ya makrofaji angeyaita maendeleo hayo kushindwa.

Nina sababu ya kulisema hili kwa sauti kubwa kuliko ilivyo desturi ya ukurasa huu. Familia zetu zinauza viwanja na ng'ombe kuwapeleka wagonjwa nje wakadungwa "stem cell" za kisukari, kiharusi, figo na miguu isiyopitisha damu. Wauzaji wanataja mamilioni ya seli kwenye sindano moja kana kwamba wingi ndio tiba. Upandikizaji wa seli shina za damu kwa magonjwa ya damu ni tiba iliyothibitishwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeanza kuwafanyia watoto wenye selimundu, na hilo ni jambo la kujivunia. Sindano za mishipa ziko mbali sana na hapo. Anayeshawishiwa kuzinunua amuulize muuzaji: seli hizo zitakaa mwilini siku ngapi? Kinga yangu itazifanya nini? Mmeipimaje kabla na baada? Kama seli zilizokufa au unga wa hamira vilileta matokeo yaleyale kwa panya, kwa nini hizi zinalipiwa dola elfu kadhaa? Asiyekuwa na jibu la maswali hayo hana tiba ya kuuza.

Lipo pia linalowahusu wanasayansi wetu moja kwa moja. Ikiwa kinga ndiyo yenye kuamua, basi historia ya kinga ya mgonjwa ni sehemu ya tiba, na historia hiyo haifanani kila mahali. Karibu kila mtoto anayezaliwa Afrika Mashariki huchomwa chanjo ya BCG. Mwaka 2018 watafiti wa McGill, Kanada, walionyesha kwamba BCG ikifika kwenye uboho wa panya huzibadilisha seli shina za damu zenyewe, zikazaa makrofaji zilizo hodari zaidi dhidi ya kifua kikuu. Miaka miwili baadaye alama zinazofanana na hizo zilionekana kwenye uboho wa watu waliojitolea, miezi mitatu baada ya chanjo. Marekani haiwachanji watoto wake wote BCG, Japani inawachanja. Ongeza malaria, ambayo huifanya bandama ifanye kazi ya ziada kwa miaka, na minyoo, ambayo huivuta kinga upande mwingine kabisa. Monositi zitakazoitwa kwenye mshipa wa mtoto wa Kigoma zimelelewa tofauti na za mtoto wa Columbus. Huenda zikajenga vizuri zaidi. Huenda zikabana mrija mapema. Hatuwezi kuliazima jibu hilo kutoka kwa wengine.

Kulitafuta hakuhitaji jengo jipya. Hospitali zinazopasua mioyo ya watoto na kliniki za mguu wa kisukari tayari zinachukua damu ya mgonjwa. Kuhesabu aina za monositi siku ya upasuaji, siku ya saba na mwezi wa tatu, kuandika kovu la BCG na historia ya malaria, kisha kuyalinganisha na hali ya mshipa baada ya mwaka, ni kazi inayofanyika kwa mashine ambazo maabara kadhaa za ukanda huu zinazo. Tumetenga kurasa katika matoleo matatu yajayo kwa takwimu za aina hiyo, hata kama wagonjwa ni wachache na hata kama matokeo hayaonyeshi tofauti yoyote. Waandishi wawasilishe pamoja na idadi ya waliopotea njiani na sababu zake.